Ajali ya paa ina kinga, na kinga hiyo ina faida



Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), Aali zake na Masahaba zake.

Ndugu msomaji, katika safari ndefu ya kujenga nyumba, hakuna siku inayosubiriwa kwa hamu kama siku ya kuezeka. Pengine kwa miaka mingi baba na mama wamejinyima, wamenunua tofali kidogo kidogo, kuta zimefika kwenye lenta kisha zikasimama mpaka zikaota majani. Halafu Mola anajaalia, fedha inapatikana, mbao zinashushwa, bati zinahesabiwa mbele ya mwenye nyumba na mafundi wanapanda juu. Watoto wanakusanyika kutazama, majirani wanapita kutoa pongezi, na mama anapeleka chai na maandazi.

Katika furaha hiyo yumo mtu mmoja ambaye sote tunamtazama bila kumwona. Ni yule kijana aliyesimama juu ya papi, nyundo mkononi, misumari mdomoni na kandambili miguuni. Hakuna kamba iliyomfunga, hakuna jukwaa chini yake, hakuna kofia ngumu kichwani. Mwenye nyumba anahesabu bati zilizobaki, mkandarasi anahesabu siku zilizobaki, na hakuna anayeuliza: kijana huyu akiteleza, atashikwa na nini?

Wiki hii safu yetu inamzungumzia fundi huyo, mkandarasi aliyemwajiri, na nyumba mbili zinazohusika. Moja ni ile inayoezekwa, ambayo kila mtu anaiona. Nyingine ni ile alikotoka fundi alfajiri, akimwacha mkewe anawaandaa watoto kwenda shule na madrasa. Paa la nyumba ya kwanza ni bati. Paa la nyumba ya pili ni fundi mwenyewe.

Je, ajali haina kinga?

Fundi anapoanguka, maneno ya kwanza kusikika mtaani ni haya: "Ajali haina kinga." Wengine huongeza kuwa ndiyo kadari yake, siku yake ilikuwa imefika. Ni kweli kwamba hakuna linalotokea nje ya elimu na kudura ya Allah (SW), na Muislamu hana shaka na hilo. Lakini kuikubali kadari baada ya jambo kutokea ni ibada, ilhali kuitaja kadari kabla ya jambo, ili tusigharimie kamba, ni kuisingizia.

Katika Suratul Baqara, aya ya 195, Allah (SW) ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe. Na kisa cha Bedui aliyemuuliza Mtume (SAW) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mwenyezi Mungu, kilichopokewa na Tirmidhi, wengi wetu tumekisikia tangu utotoni. Jibu alilopewa ni kwamba afunge kwanza, kisha ategemee. Tukitakiwa kumfunga ngamia asipotee, vipi kuhusu mwanadamu asianguke?

Zaidi ya hayo, mafundisho ya Mtume (SAW) yamegusa suala la paa kwa jina lake. Nyumba nyingi za Bara Arabu zilikuwa na mapaa bapa, na watu walilala juu yake usiku kukwepa joto. Abu Daud amepokea hadithi inayomuonya mtu anayelala juu ya paa lisilo na kizuizi pembeni, kwamba mtu huyo ameitoka dhamana ya kulindwa. Ndugu msomaji, hadithi hii inamhusu mtu aliyelala usingizi kwenye paa bapa. Tumfikirie sasa aliye macho, anayetembea juu ya paa lenye mteremko, akibeba bati refu huku upepo ukivuma.

Tunakumbuka pia safari ya Khalifa Umar bin Khattab (RA) kuelekea Sham. Alipofika Sargh akapata habari ya tauni, akashauriana na Masahaba, kisha akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (RA) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Jibu la Umar, kama lilivyo katika Bukhari, lilikuwa na maana kwamba wanatoka katika kadari moja ya Mwenyezi Mungu na kuingia katika kadari yake nyingine. Kwa hiyo, anayejifunga kamba haikimbii kadari. Kamba nayo ni kadari.

Hoja ya mkandarasi

Hapa mkandarasi ananyanyua mkono. Anasema: "Hayo ya dini nayakubali. Lakini mimi nashindana sokoni. Mwenzangu atataja bei ndogo kwa sababu hanunui mikanda wala mbao za jukwaa. Mteja atamchukua yeye. Nikifunga biashara, hawa vijana watakula nini?"

Hoja hii ni nzito na haistahili kubezwa. Biashara isiyo na faida haidumu, na kumwachia mtu kazi yake ni bora kuliko kumpa sadaka. Basi tufungue daftari lake la hesabu. Namba nitakazotumia ni za mfano tu. Kila mkandarasi anaweza kuziondoa na kuweka zake, lakini njia ya kuhesabu ni hiyo hiyo.

Tuseme amepata kazi ya ufundi wa kupaua na kuezeka nyumba kwa shilingi 3,000,000, mteja akiwa amenunua vifaa vyote. Ana mafundi wawili kwa shilingi 40,000 kwa siku kila mmoja, na wasaidizi wanne kwa shilingi 20,000 kila mmoja. Jumla ni shilingi 160,000 kwa siku, na kwa siku kumi ni 1,600,000. Usafiri, chakula na mengineyo ni shilingi 400,000. Faida yake ni shilingi 1,000,000.

Sasa tumwambie anunue mikanda minne ya kujifunga mwilini pamoja na kamba zake kwa watu wanaopanda juu, na tuseme kila seti ni shilingi 150,000. Hiyo ni 600,000. Aongeze ngazi imara na mbao za jukwaa kwa 400,000. Jumla ni shilingi 1,000,000. "Mnaona?" atasema. "Faida yote imekwisha!"

La hasha. Kosa la hesabu hii ni kuuhesabu mkanda kama msumari. Msumari ukipigwa umekwisha, lakini mkanda unahamia nyumba ya pili, ya tatu na ya kumi, maadamu unatunzwa vizuri na kukaguliwa. Mkandarasi akiezeka nyumba kumi kwa mwaka, gharama ya vifaa hivyo kwa kila nyumba ni shilingi 100,000, yaani sehemu moja ya kumi ya faida yake. Hiyo ndiyo bei halisi ya kinga.

Tuitazame na kurasa ya pili ya daftari, ambayo wengi hawaiandiki mpaka iwe imewafika. Siku ya sita ya kazi, fundi mmoja anateleza na kuvunjika paja. Tuseme matibabu na upasuaji ni shilingi 1,500,000, na mkandarasi hakuwa amejisajili katika mfuko wowote wa fidia. Kikosi kinasimama siku tatu huku kikilipwa, ambazo ni shilingi 480,000. Anaisaidia familia ya majeruhi kwa 300,000, kwa kuwa hana uso wa kwenda kumwona mikono mitupu. Mteja wa nyumba iliyofuata anasikia habari na kuipeleka kazi kwingine, na hapo inapotea faida ya shilingi 1,000,000. Jumla ni shilingi 3,280,000. Faida ya nyumba tatu na ziada imeanguka pamoja na mtu mmoja, kwa kukwepa gharama ya shilingi 100,000 kwa kila nyumba.

Na hata hapo daftari halijakamilika, kwa sababu kuna kurasa ambayo mkandarasi haioni kabisa. Imeandikwa nyumbani kwa fundi. Humo mna miezi ya kulala kitandani bila ujira, kodi ya chumba inayodaiwa, mtoto aliyerudishwa shule, mke aliyeanza kupika vitumbua usiku ili wauze asubuhi, na mama mzee kijijini ambaye fedha zake za kila mwezi zimekatika. Na akifa, mna eda, mirathi ya nyundo na msumeno, na mayatima.

Hili ndilo ambalo safu hii inataka kulisema wiki hii: gharama ya usalama haiepukiki. Italipwa tu. Mkandarasi asiyenunua kamba hajaokoa fedha, bali ameihamisha ankara kutoka mfukoni mwake na kuipeleka kwa mke wa fundi, ambaye hakuhudhuria mapatano ya bei. Na mara nyingi ankara hiyo humrudia mwenyewe ikiwa imekua.

Faida anazopata anayekinga

Tukiacha hasara inayoepukwa, yapo mapato yanayoongezeka. Wa kwanza kufaidi ni mwendo wa kazi. Mtu aliye juu bila kamba hufanya kazi kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshikilia uhai wake. Hofu haionekani kwenye hesabu, lakini inakula saa.

Historia ya ujenzi ina mfano maarufu wa jambo hili, na ingawa ni wa nchi ya mbali na kazi kubwa kuliko zetu, hekima ni kitu cha Muumini kilichompotea. Kati ya mwaka 1933 na 1937, mjini San Francisco nchini Marekani, lilijengwa daraja la Golden Gate juu ya mlango wa bahari wenye upepo mkali na ukungu. Katika zama hizo wajenzi walikuwa na kanuni ya kutisha: kwa kila dola milioni moja za mradi, tarajia maiti mmoja. Daraja hilo liligharimu dola milioni 35 hivi. Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, hakukubali kanuni hiyo. Aliwataka wafanyakazi wavae kofia ngumu na kujifunga kamba, na akaagiza wavu mkubwa utandazwe chini ya daraja, wavu uliogharimu zaidi ya dola 130,000.

Wavu huo uliwadaka watu 19 ambao wangekufa. Wafanyakazi walijua kuna kitu chini yao, hivyo walitembea kwa kujiamini, na kazi ikakamilika bila kuvuka bajeti yake. Kwa muda mrefu alikuwa amekufa mtu mmoja tu. Kisha, tarehe 17 Februari 1937, jukwaa zito lilikatika na kuuchana wavu, na watu kumi wakapoteza maisha. Sehemu hii ya mwisho ya habari nayo ni somo: kifaa cha kinga kina kipimo chake. Wavu ulitengenezwa kudaka mtu, haukutengenezwa kudaka jukwaa. Kununua kifaa ni mwanzo, kujua kinabeba nini ndiyo kazi yenyewe.

Faida ya pili ni kubaki na mafundi wazuri. Fundi anayejua kusoma paa, kukata kenchi bila kupoteza mbao na kulaza bati lisivuje hapatikani kila kona. Fundi wa aina hiyo ana hiari ya kuchagua, na mkewe ana sauti katika uchaguzi huo. Akijua kuwa kwa fulani kuna mikanda na malipo kwa wakati, hatamwacha aende kwingine kwa nyongeza ya shilingi elfu mbili.

Faida ya tatu ni ubora wa kazi. Aliyesimama mahali imara hupiga msumari pale unapotakiwa kupigwa. Aliyening'inia huupiga pale anapofika. Bati lililokanyagwa ovyo hupinda, na bati lililopinda huvuja masika ya kwanza. Kisha mkandarasi huitwa kurudia kazi bila malipo. Paa nyingi zinazovuja ni ushahidi wa fundi aliyekuwa na haraka ya kushuka.

Faida ya nne ni milango ya zabuni. Mkandarasi anayetaka kutoka kwenye nyumba za mitaani na kuingia kwenye shule, zahanati, maghala na ofisi atakutana na karatasi. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri asajili sehemu yake ya kazi na awapatie wafanyakazi wake vifaa vya kinga. Bodi ya Usajili wa Makandarasi nayo ipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1997. Asiyejiandaa mapema huiona kazi kubwa ikipita mbele yake, si kwa kukosa ufundi, bali kwa kukosa utaratibu.

Faida ya tano ni fidia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mchango hulipwa na mwajiri, na haruhusiwi kumkata mfanyakazi. Kwa sekta binafsi kiwango kilikuwa asilimia moja ya mishahara, kikashushwa hadi nusu ya asilimia moja. Turudi kwenye mfano wetu: kwa ujira wa shilingi 1,600,000, mchango huo ni shilingi 8,000. Fedha hiyo ni ndogo. Lakini ndiyo inayofungua mlango wa matibabu kwa aliyeumia kazini, malipo kwa aliyepata ulemavu, na pensheni kwa wategemezi wa aliyefariki. Hata hivyo, fidia ni ya baada ya ajali. Haimrudishi baba mezani. Kinga hutangulia.

Kinga yenyewe ni ipi?

Wengi wakisikia neno usalama hufikiria kofia tu. Kofia ni ya mwisho. Wataalamu wa kazi za juu huanza na swali: je, kazi hii ni lazima ifanyike juu? Kenchi nyingi zinaweza kuungwa chini, zikapandishwa zikiwa tayari. Kila saa inayohamishwa kutoka juu kwenda ardhini ni saa ambayo mtu hawezi kuanguka.

Yasiyoepukika juu, yawekewe kizuizi: jukwaa lenye mbao zilizofungwa vizuri na reli pembeni. Pasipowezekana jukwaa, ndipo mkanda na kamba, na kamba hiyo ifungwe kwenye sehemu imara ya jengo, si kwenye papi ambayo imeshikwa na msumari mmoja. Mkanda uliokwisha kumdaka mtu hautumiki tena, hata kama macho hayaoni kasoro. Na kabla ya kupanda, ijulikane ni nani atamteremsha aliyenasa kwenye kamba na kwa njia gani, kwani kuning'inia muda mrefu nako ni hatari.

Ngazi ina adabu zake. Kwa kila mita nne za kwenda juu, mguu wake usogezwe mita moja kutoka ukutani, kichwa chake kipite ukingo wa paa kwa kiasi cha mita moja, na kifungwe kisiteleze. Ngazi ya chuma au alumini, na bati lenyewe, visikaribie nyaya za umeme.

Mapaa ya zamani yanahitaji tahadhari kubwa zaidi. Vigae vikubwa vya asibesto na yale mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga yanaonekana magumu, lakini hupasuka ghafla chini ya uzito wa mtu. Aliye juu yake hateremki pembeni, anatumbukia ndani. Huwekwa mbao pana za kutembelea, na paa la asibesto halivunjwi kiholela, kwa kuwa vumbi lake likivutwa huleta maradhi ya mapafu yanayojitokeza baada ya miaka mingi.

Upepo nao hauna mzaha. Bati refu mikononi mwa mtu ni tanga. Upepo ukianza kulinyanyua, kazi isimamishwe. Vivyo hivyo mvua na umande wa alfajiri. Na katika mwezi mtukufu wa Ramadhani, mkandarasi mwenye busara huanza kazi mapema baada ya swala ya Alfajiri na kuwashusha watu kabla jua halijawa kali, kwa sababu kizunguzungu cha ardhini ni cha kukaa chini, lakini kizunguzungu cha juu ya paa ni msiba. Anayehofia madhara makubwa katika funga yake awaulize wanazuoni, wala asione haya.

Kwa wenye nyumba na kamati za misikiti

Ndugu msomaji, tusimtupie mkandarasi lawama zote, ilhali sisi ndio tunaomsukuma ashushe bei. Mteja anayechagua kwa kutazama tarakimu ya mwisho tu ni mshirika katika anguko. Tunapopokea bei mbili, tuulize maswali matatu: Watu wako watasimama juu ya nini? Watafungwa na nini? Wakiumia, nani atawatibu? Aliye na majibu, tusimwadhibu kwa kuwa ghali kidogo. Na fedha yake tumlipe kwa wakati, kwa mujibu wa mafundisho ya Mtume (SAW) ya kumlipa mwajiriwa kabla jasho lake halijakauka.

Neno la pekee liende kwa kamati zetu za misikiti na madrasa. Mara nyingi tunajenga kwa michango na kwa nguvu za kujitolea. Vijana wanapanda kwa ari, kanzu zimefungwa kiunoni, wengine hawajawahi kushika nyundo. Ari yao ni njema na malipo yao yako kwa Allah (SW). Lakini nyumba ya Mwenyezi Mungu haijengwi kwa kudharau uhai alioutukuza. Kazi za chini, za kubeba na kusogeza, ziwe za wenye kujitolea. Kazi za juu ziwe za wenye ujuzi, wakiwa wamefungwa kamba. Na katika orodha ya michango, pamoja na mbao, bati na misumari, iandikwe mikanda ya usalama. Atakayeitoa ametoa sadaka ambayo inaweza kuokoa nafsi, na katika Suratul Maida, aya ya 32, tunafahamishwa uzito wa kuokoa nafsi moja ulivyo mbele ya Allah (SW).

Kwa wake na wazazi wa mafundi

Mke wa fundi ana haki ya kujua mumewe anafanya kazi kwa nani, eneo gani, na namba ya simu ya nani ipigwe likitokea jambo. Amuulize kama amesajiliwa, kama kuna kamba, kama ana viatu vinavyoshika. Asiogope kuambiwa anambana. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kuhusu alichokichunga, na uchungaji wa nyumba hauanzii jikoni na kuishia mlangoni.

Na baba fundi, ushujaa wa kutembea juu ya mgongo wa paa bila kamba hauongezi hata shilingi kwenye ujira wako. Ukipewa mkanda, uvae. Usipopewa, uombe. Watoto wako hawana haja ya baba jasiri aliyekumbukwa. Wana haja ya baba anayerudi Magharibi akiwa mchovu, akawauliza wamehifadhi sura gani.

Mkandarasi naye, anapofunga hesabu za mwaka, aanze kwa kuhesabu watu wake kabla ya fedha zake. Alioanza nao Muharram, je, amemaliza nao Dhulhija? Wakiwa wametimia, wazima, basi hiyo ndiyo faida ya kwanza, na zilizobaki huijia hiyo. Wakiwa wamepungua, hakuna tarakimu katika daftari itakayolijaza pengo hilo.

Tunamuomba Allah (SW) awarehemu waliotangulia wakiwa kazini, awaponye walioumia, awasimamie mayatima na wajane wao, na atujaalie riziki ya halali isiyopatikana kwa maumivu ya mwingine. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane wiki ijayo, Inshaallah.